Mwisho wa kiangazi mu Haut-Katanga: mvua ya kwanza isitudanganye



Tuko mu mwezi wa tisa. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha, jua limeanza kuuma, na vumbi jekundu limefunika majani yote kando ya barabara ya Kasenga na ile ya Kasumbalesa. Kila jioni tunaona moshi wa moto wa pori. Wakati huo huo miti ya pori imeanza kutoa majani mapya, mengine mekundu kabisa, na hata tone moja la maji halijaanguka. Watu wengi wakiona yale majani wanaanza kunoa jembe. Miti haisemi uongo, lakini muti wa pori uko na mizizi mirefu inayofika ku maji ya chini. Punje ya hindi haina ile mizizi.

Mu wiki hizi tumepita mu mashamba ya koperative za upande wa Kipushi, wa Kasenga na wa Sakania. Tutaeleza namna hali iko: chakula mu nyumba, mihogo, bustani, kuku na mbuzi. Lakini tutakaa sana juu ya jambo moja, kwani ndilo linakula mbegu za watu karibu kila mwaka: siku ya kupanda mahindi.

Mvua ya mwezi wa kumi

Mu eneo la Lubumbashi tunapata mvua ya milimita 1.200 hivi kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi uko katikati, si kiangazi tena, si wakati wa mvua bado, na ndio wakati joto linapanda sana. Inakuja mvua moja ya nguvu, na upepo na radi. Watu wanafurahi, kumbikumbi wanatoka, watoto wanakimbia na sahani. Kisha jua linarudi wiki mbili, mara ingine tatu, bila kitu.

Hii haiko kazi ya mchawi. Mvua yetu inashuka kutoka kaskazini. Mkanda wa mawingu unafuata jua: jua likielekea kusini, nao unashuka polepole. Ndiyo sababu watu wa Kamina na Kabongo wanapanda mbele yetu, na wa Sakania wanapanda nyuma. Na ule mkanda haushuki moja kwa moja kama treni ku reli. Unashuka, unarudi nyuma, unashuka tena. Mvua ya mwezi wa kumi ni ukingo wake tu, mwili wake bado uko mbali. Ndugu yako wa Kamina akikupigia simu kwamba kwao mahindi yameota, furahi naye, lakini usishike mbegu bado.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua moja ya mwezi wa kumi inaweza kuleta milimita 10. Ni maji ya litre 10 ku kila metre moja ya mraba. Inaonekana mingi, lakini udongo uliokauka tangu mwezi wa tano unaimeza yote mu sentimita chache za juu, na jua la ule mwezi linaweza kurudisha hewani milimita 5 hivi kwa siku. Kwa siku mbili au tatu maji yamekwisha. Ile mbegu uliyofukia imekwisha kunywa na kuvimba, na punje iliyovimba haiwezi kurudi kuwa kavu ikangoja tena. Inatoa mzizi mdogo, mzizi unakuta vumbi, mumea unakufa. Ile inayookoka inatoka dhaifu, mistari iko na mapengo, na kiwavi jeshi, yule tunayemjua huku tangu miaka ya 2016 na 2017, anaikuta imechoka tayari.

Hekta moja ya mahindi inaomba kilo 25 za mbegu hivi. Mwenye nusu hekta anahitaji kilo 12 na kitu. Kama zile kilo 12 zimekufa mu udongo, utatafuta zingine wakati kijiji kizima kinatafuta. Bei imepanda, na kinachobaki ku soko ni hindi la kula tu, lenye hujui limetoka ku shamba gani. Tumeona wamama waliopanda mara tatu mu mwaka mmoja, na mara ya tatu ilikuwa na mbegu ya kukopa. Lile deni lilirudi wakati wa mavuno, magunia mawili kwa moja.

Kopo na jembe

Hakuna mtu anaweza kukuambia tarehe ya kupanda, hata sisi. Kila mwaka, mu mwezi wa nane hivi, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za SADC wanakutana na kutoa utabiri wa mvua zinazokuja. Huo utabiri unasaidia, lakini unasema juu ya miezi mitatu kwa jumla, kama mvua itakuwa mingi au kidogo kuliko kawaida. Hausemi kitu juu ya shamba lako ku siku ya munane ya mwezi wa kumi na moja. Kwa siku yenyewe, vyombo viwili vinatosha: kopo na jembe.

Kopo: tafuta kopo tupu lenye kusimama wima, juu na chini upana sawasawa, kama kopo la maziwa ya unga. Lipigilie ku muti mfupi fasi ya wazi, mbali na nyumba na miti, juu kuliko majani. Asubuhi baada ya mvua ingiza rula ya mtoto wa masomo. Sentimita moja ya maji ni milimita 10 za mvua. Andika mu kaye tarehe na kipimo, kisha mwanga maji. Kopo moja linatosha kwa kijiji, lakini si kwa vijiji viwili, juu mvua ya mwezi wa kumi inaweza kunyesha huku na kuacha jirani wa ng'ambo ya mto na vumbi.

Jembe: siku moja baada ya mvua, chimba fasi tatu mu shamba. Udongo ukiwa na maji paka urefu wa shubiri moja, na ukiukamata mu mkono unashikamana bila kuvunjika, shamba limekunywa. Ukikuta vumbi chini ya vidole vinne, rudi nyumbani.

Sisi tunashauri hivi kwa eneo la Lubumbashi, Kipushi na Sakania: ngoja paka kopo lionyeshe milimita 25 au zaidi kwa jumla ya siku tatu, jembe likubali, na kalenda ikuwe imeingia mwezi wa kumi na moja. Mara mingi hiyo inatuangusha kati ya katikati ya mwezi wa kumi na moja na mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Zote tatu pamoja. Kopo peke yake linaweza kukudanganya, na kalenda peke yake inadanganya zaidi.

Mara mingi tunaulizwa: nikingoja, jirani hatanipita? Anaweza kukupita, hatutaficha. Mvua ya mwanzo inaamusha chakula cha udongo kilicholala kiangazi yote, na hindi linalopandwa mapema mu mvua ya kweli linakula kile chakula cha kwanza. Tena mwenye kupanda mapema anauzisha mahindi mabichi wakati bei iko nzuri. Kwa hiyo kungoja si kulala. Shamba liwe limelimwa, mistari imepimwa, mbegu iko mu nyumba, ili siku kopo na jembe vinakubaliana upande kwa siku mbili, si kwa wiki mbili. Kisha ujue mupaka wa upande wa pili: hindi lililopandwa baada ya katikati ya mwezi wa kumi na mbili linapoteza mingi, kwani mvua inakatika wakati magunzi yanataka kujaza punje.

Kwa wenye shamba la kutosha, njia tunayopenda ni kugawa. Sehemu moja ya tatu ipandwe ku mvua ya kweli ya kwanza, ingine baada ya siku kumi, ya mwisho siku kumi tena. Ukame wa katikati ukija mu mwezi wa kwanza, utakuta mahindi yako hayako wote mu maua siku moja. Kuna wenye mashamba makubwa wanaopanda mu udongo mkavu kabisa na kungojea mvua. Wale wako na trakta, na wako na mbegu ya kurudilia. Mwenye mfuko mmoja asiwafuate.

Mbegu inayolala mu nyumba

Hapa ndipo tulikuta hofu kubwa. Mavuno ya mwezi wa nne na wa tano yanaanza kuisha mu nyumba mingi, na kati ya sasa na mahindi mabichi ya mwezi wa pili kuna njia ndefu. Mbegu inalala mu nyumba ile ile fasi watoto wanalala na njaa. Hatuhitaji kueleza zaidi, kila mama anaelewa.

Mu Haut-Katanga bei ya unga inafuata Zambia, kwani mahindi na unga mingi tunaokula unapita Kasumbalesa. Mwaka 2024 tuliona hiyo wazi: ukame wa El Niño uliunguza mahindi ya Zambia, serikali yao ikatangaza ukame kuwa janga la taifa mu mwezi wa pili, na ku soko zetu meka ya unga ikawa kitu cha kufikiria mara mbili. Mulimaji aliyekula mbegu yake mu mwaka kama ule anaingia mwaka unaofuata mikono mitupu, hata kama mvua ni nzuri.

Koperative moja tuliyotembelea iliamua jambo ambalo tunaliona la akili. Kila mwanamemba alileta mbegu yake ku depo, ikapimwa mbele ya watu, ikafungwa mu mfuko wenye jina lake, na ufunguo wa depo ukakaa ku wamama wawili wa familia mbalimbali. Mbegu bado ni ya mwenyewe. Lakini kwa kuichukua kabla ya wakati unapaswa kusimama mbele ya wengine na kusema sababu. Kuna waliosimama na wakapewa, juu njaa yao ilikuwa ya kweli. Wengine waliobaki wakakopeshana unga.

Kabla ya kufunga mfuko, jaribu mbegu. Hesabu punje 100 bila kuchagua nzuri, zifunge mu kitambaa chenye maji, kiweke mu kivuli na ukilowanishe kila siku. Siku ya saba hesabu zilizoota. Zikifika 85 na zaidi, panda kama kawaida, mistari sentimita 75, shimo sentimita 50, punje mbili. Zikiwa kati ya 70 na 85, ongeza punje. Chini ya 70, tafuta mbegu ingine sasa hivi, wakati bado kuna mtu wa kukuuzisha bila haraka. Na ile iliyotoka ku mbegu ya dukani ya hibridi usiirudishe shambani: inaota, inasimama, lakini mavuno yanashuka na magunzi yanakuwa kila moja na sura yake. Mbegu za kienyeji na zile zilizoboreshwa ambazo si hibridi unaweza kurudilia, ukichagua magunzi ya katikati ya shamba.

Kwa bidudu, kitu kinachofanya kazi vizuri ni kukosesha hewa. Mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani, inaua bidudu bila dawa kama imefungwa kwa nguvu. Asiye nayo atumie bidon kavu, aijaze paka juu kabisa na kukaza kifuniko. Bidon ya nusu ni nyumba ya bidudu. Mbegu yenye rangi, iliyotiwa dawa, haioshwi ikawa chakula. Hata mu njaa, hapana.

Mihogo na moto

Mihogo ndiyo inabeba watu mu miezi hii. Imeangusha majani, sombe imekuwa ngumu kupata, lakini mizizi iko, na jua la mwezi wa tisa linakausha makopa vizuri kuliko wakati wowote. Wasiwasi wetu ni maji. Fasi visima vimeshuka, watu wanalowesha mihogo michungu siku moja au mbili tu, ili maji yatoshe. Hiyo ni hatari. Mihogo iliyokulia mu ukame inabeba sumu mingi zaidi, na bila kulowekwa siku tatu au ine ile sumu haitoki. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ghafula, unajulikana sana mu Kwango, upande wa Popokabaka na Kahemba, fasi watu walikula mihogo ya namna hiyo bila maharagi wala nyama. Kama maji ni kidogo, loweka kidogo kidogo lakini siku zote tatu. Bukari ya hindi ikikosekana, ile ya muhogo isituletee ugonjwa.

Kwa shina za kupanda: sasa majani hayako, kwa hiyo huwezi kuona mozaiki. Ngoja. Muhogo utakaporudisha majani ku mvua za kwanza, pita mu shamba na ufunge kamba ku mimea yenye majani mazima, isiyojikunja wala kuwa na madoa ya njano. Kata shina ku hiyo tu, vipande vya sentimita 20 paka 25. Ukipaswa kukata mapema, simamisha shina nzima nzima mu kivuli, chini yake udongo wenye maji kidogo.

Na moto. Moto wa mwezi wa tano unapita haraka na kuzima wenyewe ku majani mabichi, huu wa mwezi wa tisa unakula paka mizizi. Upande wa Sakania tumeona shamba la muhogo la miezi kumi limekufa kwa mchana mmoja, na mwenye kuwasha alikuwa anatafuta panya tu. Tengeneza njia ya moto kuzunguka muhogo, metre 5 za udongo mtupu, uifagie kila wiki. Na mabua ya mahindi yaliyobaki mu shamba usiyachome: yakilala juu ya udongo yanapunguza jua kunyonya ile mvua tuliyohesabu hapo juu.

Bustani tutapita haraka. Lengalenga, nyanya na shu za mabondeni zimezaa vizuri, lakini maji yanashuka na joto linaleta wadudu weupe na buibui wadogo wekundu chini ya majani. Mwagilia jioni, tandaza nyasi, ng'oa mimea iliyokwisha kuzaa ili isilee wadudu. Usianze nyanya mpya sasa kama kisima chako kinashuka kila siku.

Kuku ndio benki

Mu nyumba mingi pesa ya mbolea ya mwezi wa kumi na moja inatembea ku kiwanja kwa miguu miwili. Na ndio wakati ugonjwa wa kuku, ule wa Newcastle, unapita: kuku anasinzia, mavi ya kijani, shingo inapinda, kwa siku chache kiwanja ni kitupu. Hakuna dawa ya kuuponya, kuna chanjo tu. Ile ya I-2 inavumilia joto zaidi ya zingine na inatiwa tone moja mu jicho, kisha inarudiliwa kila miezi ine. Chupa moja ni ya kuku wengi, kwa hiyo kijiji kikubaliane siku moja na kuita veterineri wa teritware. Chanja kuku wazima. Ugonjwa ukiwa umeingia tayari, umechelewa kwa hao. Tafazali, kuku wa kutoka ku soko asichanganyike na wengine kabla ya wiki mbili.

Nguruwe wabaki mu kibanda. Tauni ya nguruwe haina chanjo huku kwetu wala dawa, na inaingia kwa mabaki ya nyama na kwa viatu vya wanunuzi.

Mbuzi wamekonda, hiyo ni kawaida ya wakati huu. Wape mabua, maganda ya kalanga, majani ya muhogo yaliyonyauka jua moja, na maji mara mbili kwa siku. Hatari yao inakuja na majani mapya: tumbo linavimba, minyoo inaamuka. Wape dawa ya minyoo mvua zikianza, na asubuhi wale nyasi kavu kwanza kabla ya kwenda ku kijani.

Kiangazi yote mbuzi wametembea bure mu mashamba, na hakuna aliyelalamika. Siku hindi la kwanza linatoka, ugomvi unaanza. Vijiji viwili upande wa Kasenga vimeweka sheria: tangu siku shefu anatangaza kwamba kopo limejaa, kila mbuzi anafungwa, na mwenye mbuzi aliyekula shamba analipa kwa mbegu, si kwa pesa. Sheria kama hiyo ijadiliwe sasa, wakati shamba bado tupu na hakuna mwenye hasira.

Koperative zenye kuweka kopo, anzeni kuandika tangu tarehe 1 ya mwezi wa kumi, hata siku zisizo na mvua, muandike sifuri. Tutapita kuchukua kaye mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na mu toleo linalofuata tutaweka vipimo vya kila kijiji pamoja na siku kilipanda.